Waliodai Kulipa Kodi ya Juu

Kodi ikipanda watu hununa. Ilikuwa hivyo enzi za kodi ya kibanda, na iko hivyo leo kila bajeti inaposomwa mwezi Juni. Ndiyo maana ukimwambia Mkenya kwamba kuna watu waliowahi kugombana na serikali kwa sababu kodi waliyotozwa ilikuwa ndogo mno, atadhani unamtania.

Lakini ilitokea. Mwaka 1936 serikali ya kikoloni ilipanga upya kodi ya kichwa kwa watu ambao haikuwahesabu kuwa wenyeji. Wasomali wa jamii ya Isaaq, waliokuwa na maskani Isiolo, Nairobi, Nanyuki na kwingineko, waliwekewa kiwango cha chini kuliko cha Waasia. Nafuu hiyo wakaikataa katakata. Walitaka walipe sawa na Mhindi, hata kama mfuko utauma. Barua ziliandikwa, malalamiko yakavuka bahari hadi London, na mvutano ukaendelea mpaka 1941.

Aliyekichimbua kisa hiki ni mwanahistoria E. R. Turton, katika makala iliyochapwa mwaka 1974 kwenye jarida la African Affairs. Ukiisoma harakaharaka utaona kabila moja likijikweza juu ya makabila mengine, nawe utaifunga ukisema, haya basi, ukabila ule ule. Mimi pia niliisoma hivyo mara ya kwanza. Mara ya pili niliisomea Isiolo kwenyewe, ndani ya hoteli moja ya chai iliyotazamana na barabara kuu, na ikasomeka vingine kabisa.

Pale barazani niliona lori la mbuzi likielekea Nairobi. Juu ya vyuma walikaa vijana watatu waliojifunga shuka vichwani kujikinga na vumbi, na kazi yao ilikuwa kuwainua mbuzi wanaolala wasije wakakanyagwa. Kwenye kiti cha mbele, kando ya dereva, alikaa mwenye mbuzi na simu mbili. Vijana na tajiri wao walisemezana kwa lugha moja, Kiborana. Nyuma yao bodaboda zikapita na mafurushi ya miraa iliyoteremka Nyambene. Kisha akaingia mzee mmoja aliyevaa shati lililopigwa pasi, na kwapani amebana faili ya plastiki. Nitamrudia.

Itaje Isiolo mbele ya Wakenya kumi, na tisa watakujibu kwa makabila. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru. Kaunti yenyewe ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilikuta watu 268,002, ambao ni wachache kuliko unaowakuta katika baadhi ya maeneo bunge ya Nairobi. Ila kila jambo lao linagawanywa kwa hesabu ya ukoo: kiti cha ubunge, kazi za kaunti, kisima, wizi wa mifugo, mpaka na Meru. Neno tabaka halisikiki. Anayelitamka huonekana amelitoa chuo kikuu au ana deni la kisiasa analolilipa.

Wamarekani nao wana ugonjwa wa namna hiyo, ila wao wamejidanganya kwa upande wa pili. Kwa vizazi vingi walijisimulia kwamba matabaka waliyaacha Ulaya, kwamba kule kwao kila mtu alianza sawa na aliyebaki nyuma ni mvivu. Mwaka 1913 Charles Beard aliwaudhi wengi kwa kuuliza waliotunga katiba ya nchi hiyo walikuwa na mali gani mifukoni. Mwaka 1979 Gary Nash, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, akatoa kitabu The Urban Crucible kuhusu Boston, New York na Philadelphia kabla ya mapinduzi ya 1776. Nash hakuanza na hotuba za waheshimiwa. Alianza na orodha za kodi. Alihesabu nani alitozwa kiasi gani mwaka huu na nani miaka ishirini baadaye, akalinganisha na orodha za mali za marehemu na madaftari ya misaada kwa maskini. Miji iliyosifiwa kuwa ya usawa ikaonekana ilivyokuwa: utajiri ukikusanyika kwa wachache, nyumba za maskini zikijaa, na wajane wa vita wakihangaika Boston.

Orodha za kodi! Mwenzangu mmoja wa chumba cha habari alicheka nilipomweleza. Lakini Waswahili walishasema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na nyongeza yangu ni kwamba daftari la kodi hutoa habari hata kwa asiyeulizwa.

Mwaka huo huo wa 1979, mjini Stockholm, vilitoka vitabu viwili kuhusu Isiolo. Kimoja ni Savanna Town cha Anders Hjort, kinachouhusu mji huu huu na jinsi wakazi wake walivyoshika mjini kwa mkono mmoja na malishoni kwa mkono wa pili. Kingine ni Suffering Grass cha Gudrun Dahl, kuhusu Waborana wa Waso, wale wa ukanda wa Ewaso Nyiro. Wawili hao ni wanaanthropolojia, na kabla ya hapo, 1976, walikuwa wameandika pamoja Having Herds, kitabu cha hesabu ya jinsi kundi la mifugo linavyokua na familia ngapi linaweza kulisha. Ukiviweka vitabu vyao kando ya makala ya Turton na kando ya Nash, unaanza kuiona Isiolo ambayo magazeti yetu hayaiandiki, langu likiwemo.

Turudi kwa Isaaq. Hawa walikuja Kenya kutoka Somalia ya Waingereza na Aden wakiwa askari, wakalimani, watumishi wa misafara na wafanyabiashara wa mifugo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, baadhi ya waliopigana upande wa Uingereza walipewa ruhusa ya kukaa na kulisha mifugo Isiolo. Sheria ya mwaka 1919 iliwaruhusu Wasomali wa aina fulani wasihesabiwe kuwa wenyeji katika baadhi ya mambo. Hilo lilikuwa jambo zito kuliko linavyosikika leo. Mwenyeji alivaa kipande shingoni. Mwenyeji alilazwa wodi ya wenyeji. Hata gerezani, chakula kilipakuliwa kwa rangi. Mwasia alikuwa na wodi yake, shule yake na behewa lake, na juu yake akawapo Mzungu. Ngazi ilikuwa na vidato vitatu vikubwa, na kodi ndiyo iliyokuonyesha umesimama kidato gani.

Kwa hiyo Isaaq waliposhushiwa kodi walielewa mara moja kilichokuwa kikishuka pamoja nayo. Mfanyabiashara aliyetaka kupeleka ng'ombe sokoni alipita katika wilaya zilizofungwa, ambako bila pasi hukatizi. Sheria ya 1902, na nyingine zilizofuata 1926 na 1934, ziliufanya upande wote wa kaskazini kuwa nyumba yenye mlango mmoja, na Isiolo ndiyo iliyokuwa kizingiti. Hapa paliwekwa karantini ya mifugo. Ng'ombe wa kaskazini walisimamishwa hapa wasishuke kuelekea mashamba ya walowezi wa Laikipia, kwa sababu ya magonjwa, na, tuseme ukweli, kwa sababu bei ya ng'ombe wa mfugaji ingeharibu bei ya ng'ombe wa mlowezi. Mahali penyewe pangali panaitwa LMD, herufi za idara ya mifugo iliyokuja baadaye, na makondakta hulitaja jina hilo bila kujua wanataja nini.

Katika kizingiti hicho, mwenye hadhi ya Mwasia alikuwa na njia ya kupita, na mwenye hadhi ya mwenyeji alibaki kusubiri. Kodi ya juu ilikuwa bei ya mlango. Isaaq walisema asili yao ni Uarabuni, kwa Sheikh Isaaq, na wakajipanga katika jumuiya iliyoandika maombi kwa Kiingereza safi. Mtu anaweza kuwacheka, au kuwalaumu kwamba walipigania kidato cha juu badala ya kuivunja ngazi. Mimi siwezi kuwalaumu sana. Mfumo ule haukuwa na fomu ya kuomba ngazi ivunjwe.

Kinachonisumbua mimi ni mtu ambaye hayumo katika barua zile. Mifugo ya wenye duka na wenye ng'ombe wengi haikujichunga. Waturkana waliofika Isiolo miongo ya mwanzo ya karne iliyopita walifanya kazi za kuchunga na vibarua vya kila namna, na wapo walioajiriwa na hao hao Wasomali. Mchungaji huyo hakuandika maombi kwa mfalme. Hakuwa na jumuiya yenye muhuri. Akitokea kwenye majalada ya mkuu wa wilaya, hutokea kama tatizo: wamezidi, wanakata miti, warudishwe kwao. Mwanahistoria akienda kusoma makaratasi atamkuta tajiri ameandika na ofisa amejibu. Aliyekamua ng'ombe hana ukurasa. Nash alikutana na ukuta kama huo, kwa kuwa maskini wa mwisho wa Boston hakuwamo hata kwenye orodha ya kodi, na ndiyo maana akaenda kumtafuta kwenye madaftari ya misaada. Sisi tukimtafuta wa kwetu tutamsaka wapi? Wengine wametafuta kwa kusikiliza. Keren Weitzberg, katika We Do Not Have Borders cha mwaka 2017, aliyasoma majalada pamoja na kumbukumbu za wazee, na kitabu chake kimewarudisha Isaaq na Wasomali wengine wa Kenya kama watu wenye hila, hofu na ndoto, badala ya jina tu katika ripoti ya usalama.

Halafu ikaja Daaba.

Waborana wa Waso hawasemi sana "vita vya shifta", vile vya waliotaka kaskazini ijitenge na kujiunga na Somalia. Husema Daaba, kusimama, wakati kila kitu kilipokwama. Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa kwanza Mwafrika wa wilaya hii, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Mtaa na wadi ya Wabera vimebeba jina lake. Mwezi Desemba, siku chache baada ya uhuru, hali ya hatari ikatangazwa. Kufikia 1966 watu walikuwa wanakusanywa katika vijiji vya lazima, Garba Tulla, Merti na kwingine, na mfugo uliokutwa nje ya mipaka ya malisho ulikuwa windo. Ndani ya mipaka nyasi ziliisha na magonjwa yakaingia. Mapatano ya Kenya na Somalia yalipotiwa saini Arusha mwaka 1967, ngamia waliokuwa fahari ya Waso walikuwa karibu wamekwisha. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa yaliyotendwa kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967.

Hadithi hii husimuliwa kama dhuluma dhidi ya kabila, na ilikuwa dhuluma. Ila maafa hayakuwaangukia wote sawa. Hannah Whittaker, aliyeandika historia ya kijamii ya vita hivyo mwaka 2014, anaonyesha kwamba hata ndani ya vita mambo ya mali na umaskini yalifanya kazi yake kando ya siasa za mipaka. Na Richard Hogg, aliyefanya utafiti kwa Waborana wa Isiolo na kuandika kuhusu "ufugaji mpya" mwaka 1986, alieleza watu wakigawanyika pande mbili: wachache wanaoinuka na wengi wanaoporomoka.

Nieleze kwa jinsi ninavyoielewa mimi. Kabla ya Daaba, aliyepoteza ng'ombe alikuwa na pa kwenda. Waborana wana desturi ya dabarre, ya kumwazima ndugu mfugo wa maziwa mpaka asimame, na wana buusaa gonofaa, mchango wa ukoo kwa aliyefilisika. Tajiri alikuwa tajiri kweli, lakini ng'ombe wake walilala katika maboma ya watu wengi, na maziwa yao yakanywewa na watoto wasio wake. Desturi hiyo inahitaji kitu kimoja, kwamba awepo ambaye hakufilisika. Daaba ilipofagia karibu kila boma, mkopeshaji na mkopaji walijikuta foleni moja, sahani mkononi.

Waliobaki na kitu walikuwa wale ambao mali yao haikula nyasi. Mwenye duka. Mwenye lori. Mwalimu, karani, askari, chifu. Wao walipokea mshahara mwisho wa mwezi, na ng'ombe wakauzwa kwa bei ya chini kuliko wakati wowote. Zamani ng'ombe ndio waliozaa duka. Baada ya Daaba, mshahara ndio uliozaa ng'ombe. Aliyekuwa na ngamia mia na watoto wanane ambao hakuwapeleka shule, kwa kuwa shule ilikuwa ya watu wasio na ngamia, akaishia kwenye mradi wa umwagiliaji Malka Daka au Garfasa akipalilia mahindi, kazi ambayo babake angeona aibu hata kuitazama. Jirani yake, wa ukoo ule ule, aliyempeleka mtoto mmoja tu shule, akainuka. Katika kila mkutano wa kisiasa wote wawili huitwa "watu wetu".

Alasiri nilikwenda mahali wanapopokelea maziwa ya ngamia. Biashara hii iko mikononi mwa akina mama, na ushirika wao mmoja, Anolei, umejulikana nje ya Isiolo pia. Madumu ya njano yanafika kwa pikapu na pikipiki kutoka makundi yanayolishwa nje ya mji, shingo zimefungwa kwa kamba za rangi tofauti ili kila mmoja alijue lake. Mama mmoja alikuwa akifungua dumu, ananusa, anamimina kidogo kwenye kifuniko, anaonja, anatema. Dumu la nne alilisukuma kando kwa mguu. Hakusema neno. Kijana aliyelileta naye hakusema. Alilitazama tu, akahesabu kichwani. Maziwa mazuri huwekwa kwenye friza, kisha husafirishwa kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, ambako ndiko kuliko na wanywaji wenye pesa.

Nilimuuliza kijana ngamia ni wa nani. Akataja mtu anayekaa mjini, mwenye nyumba za kupangisha. Yeye ni wa kuajiriwa, hupokea mshahara kwa mwezi na maziwa ya kunywa. Ukoo wenu mmoja? Akatabasamu, akajibu, "Ukoo ni mmoja, ngamia ni wake."

Katika wiki nzima niliyokaa Isiolo, sijasikia mtu aliyelieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko hayo.

Tangu Machi 2012, ulipozinduliwa mradi wa LAPSSET kule Lamu wa kuunganisha bandari, Sudan Kusini na Ethiopia, mali mpya ya Isiolo imekuwa ardhi. Barabara ya lami imefika Moyale. Uwanja wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa 2017. Mji wa kitalii umechorwa kwenye ramani upande wa Kipsing na bado uko kwenye ramani. Lakini ploti zimepanda bei kwa uvumi peke yake, na ploti moja inaweza kuwa na wenyewe watatu, kila mmoja na barua yake ya ugawaji, kila barua na muhuri. Hapa ndipo makabila husukumwa mbele tena: hawa wageni, hawa wamevamia, ardhi ni ya wazee wetu. Ukichungulia nyuma ya wapiga kelele utaona mara nyingi kwamba walionunua hekta zenye maana ni watu wa makabila yote, wanaofahamiana, wanaokunywa chai pamoja. Na waliohamishwa ni watu wa makabila yote pia, ila hao hawafahamiani.

Wajukuu wa Isaaq waliodai kodi ya juu wamo katika kelele hizo. Babu zao walishinda mara nyingine, wakashindwa mara nyingine, lakini ile hadhi ya kutokuwa wenyeji iliwageuka baada ya uhuru. Asiye mwenyeji hakuwa na hifadhi ya ardhi ya kabila. Mwaka 1989 serikali iliwachuja Wasomali wa Kenya nchi nzima na kuwapa kadi za rangi ya waridi kuthibitisha kwamba ni Wakenya, kadi ambazo hakuna Mkikuyu wala Mjaluo aliyeulizwa. Tajiri wa Eastleigh aliichukua kadi yake akaendelea na biashara. Mlinzi wa duka lake alisimamishwa nayo kila kona.

Mzee wa faili, yule wa asubuhi, aliniona nikiandika akahamia meza yangu. Alinisalimu, akaniuliza kama mimi ni wa ofisi ya ardhi. Nikamwambia hapana, wa gazeti. Alisikitika kidogo, kisha akaona gazeti si haba. Akamwita mhudumu aje afute meza. Ilifutwa, akaipapasa kwa kiganja kuhakikisha imekauka, ndipo akafungua faili.

Ndani mlikuwa na barua ya ugawaji, nakala ya mchoro wa kiwanja, na rundo la stakabadhi. Hatimiliki hana. Ameifuatilia tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi, sasa wana watoto. Lakini kodi ya ardhi hulipa kila mwaka, hajauruka hata mmoja, na mwaka ambao karani alimwambia kiwanja chake hakimo kwenye orodha, kwa hiyo hadaiwi chochote, alikataa kuondoka dirishani mpaka alipoandikiwa kiasi cha kulipa.

"Wakikuambia hudaiwi," alisema huku akizipanga stakabadhi kwa miaka, za zamani chini, mpya juu, "ujue wameshakutoa."